Kutumiana Faili Bila Bando: Kinachovuja Simu Zinapokaribiana

Katika wadi ya Theta, kama ilivyo Juja, Ruiru na Thika, faili nyingi hazipitii intaneti kabisa. Mwanafunzi wa chuo hupata filamu kutoka kwa jirani wa ploti kwa Xender. Katibu wa chama hugawa orodha ya michango kwa Bluetooth mkutano ukiendelea. Mzazi anayetaka nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mtoto humtumia mhudumu wa saiba picha iliyo simuni, hulipa shilingi chache na kwenda zake. Njia hizi zinapendwa kwa sababu iliyo wazi: hazili bando. Filamu ya megabaiti 700, ambayo ingemaliza kifurushi cha siku, huhama kutoka simu moja hadi nyingine kwa dakika chache bila senti kukatwa.

Somo hili halimkatazi mtu kutumia njia hizo. Linaeleza kinachopita pamoja na faili, nani anaweza kukiona, na mahali ambapo mkazi wa kawaida hupoteza siri zake bila kujua.

Simu mbili huonanaje?

Karibu programu zote za kutumiana faili kwa ukaribu hufanya kazi kwa hatua mbili. Kwanza simu hutafutana. Simu moja hutangaza kwa mawimbi ya redio kwamba ipo, nayo nyingine husikiliza. Kazi hii hufanywa na Bluetooth, kwa kuwa haitumii umeme mwingi wa betri. Pili, zikishakubaliana, hufungua njia ya Wi-Fi kati yao wawili tu, kwa sababu Wi-Fi hubeba mizigo mikubwa haraka kuliko Bluetooth. Hivyo ndivyo zinavyofanya AirDrop ya simu za iPhone, Quick Share ya Android, Xender na SHAREit. Bluetooth ya zamani, ile ya kutuma wimbo mmoja kwa subira, hufanya hatua zote mbili yenyewe.

Tangazo la hatua ya kwanza halichagui msikilizaji. Bluetooth ya simu ya kawaida hufika takriban mita 10, na Wi-Fi hufika makumi ya mita. Ndani ya matatu ya abiria 14 inayotoka Thika kwenda Nairobi, hiyo ina maana kila aliyeketi humo yuko katika eneo la kusikia. Katika ploti za vyumba vilivyopangana, ukuta wa mawe hupunguza mawimbi lakini hauyazuii.

Nacho kinachotangazwa kwanza ni jina la simu. Watu wengi hawakumbuki kwamba simu yao ina jina. Ilipowashwa mara ya kwanza, huenda mwenyewe aliandika jina lake, au simu ililichukua kutoka kwa akaunti yake. Matokeo yake, msichana anayesubiri gari stejini anaweza kuonekana kwenye skrini ya mtu asiyemjua kwa majina yake mawili kamili. Mtu huyo hajavunja chochote. Amefungua tu ukurasa wa kutuma faili na kusoma orodha. Akiwa na jina, anaweza kulitafuta kwenye mitandao ya kijamii kabla gari halijafika Ruiru.

Kurekebisha jambo hili huchukua nusu dakika. Mwenye simu hufungua Mipangilio, huenda kwenye sehemu inayoeleza habari za simu yenyewe, na kubadilisha jina la kifaa. Jina jipya liwe neno lisilomtambulisha mtu: tunda, rangi, chochote. Wenzake atawaambia kwa mdomo, «Mimi ni Embe.»

Kwa nini programu huuliza mahali ulipo

Wakazi wengi hushangaa Xender inapotaka ruhusa ya kujua mahali simu ilipo ilhali kazi yake ni kutuma wimbo. Kuna sababu ya kiufundi. Tangu Android 6 ya mwaka 2015, programu inayotafuta vifaa vya Bluetooth au Wi-Fi vilivyo karibu ilitakiwa kuwa na ruhusa ya mahali, kwa sababu orodha ya vifaa vilivyo karibu na mtu inaweza kufichua alipo. Android 12 ya mwaka 2021 ilileta ruhusa ya pekee ya vifaa vilivyo karibu. Kwa hiyo kwenye simu ya zamani ombi hilo si lazima liwe la ujanja. Lakini ruhusa ikishatolewa, inabaki. Programu iliyoruhusiwa kujua mahali «wakati wote» kwa ajili ya filamu moja ya Jumamosi ina uwezo wa kuendelea kujua Jumatatu. Ni busara kuchagua «wakati wa kutumia programu pekee», na kuikataa kabisa programu inayotaka pia majina yaliyohifadhiwa simuni, ujumbe mfupi au kumbukumbu za simu zilizopigwa. Kutuma faili hakuhitaji hayo.

Makosa yaliyokwisha kuonekana

Hatari hizi si za kubuni. Mwaka 2004 kilijitokeza kirusi kilichoitwa Cabir, kilichosambaa kwa Bluetooth kati ya simu za mfumo wa Symbian, zikiwemo Nokia za wakati ule. Hakikuweza kuingia bila mwenye simu kukubali. Kilichofanya ni kuuliza, na kuuliza tena kila alipokataa, mpaka mwingine akachoka akabonyeza ndiyo. Hila hiyo haijazeeka hata kidogo.

Septemba 2017 kampuni ya usalama ya Armis ilitangaza kundi la kasoro lililopewa jina BlueBorne. Hili lilikuwa baya zaidi, kwa sababu mshambuliaji hakuhitaji ruhusa wala simu kuunganishwa na yake. Ilitosha Bluetooth iwe imewashwa. Marekebisho yalitolewa, ila yaliwafikia wale tu ambao simu zao bado zilikuwa zinapokea masasisho. Simu ya mitumba iliyoachwa na mtengenezaji wake miaka mingi iliyopita hubaki na mlango wazi milele, na simu za aina hiyo ni nyingi mikononi mwa watu.

SHAREit nayo ilitajwa mara mbili. Februari 2019 watafiti walieleza kuwa mtu aliye kwenye mtandao mmoja wa Wi-Fi na simu yenye programu hiyo aliweza kuruka uthibitisho na kupakua faili kutoka simu hiyo. Kasoro hiyo ilikuwa imerekebishwa kabla ya kutangazwa. Februari 2021 kampuni ya Trend Micro ikaeleza kasoro nyingine za programu hiyo hiyo kwenye Android, wakati ilikuwa imepakuliwa zaidi ya mara bilioni 1. Hata Quick Share ya Google haikusalimika: mwaka 2024 kampuni ya SafeBreach ilionyesha kasoro 10, nyingi zikiwa kwenye toleo la kompyuta za Windows, zikiwemo za kuingiza faili bila mwenye kompyuta kukubali. Zote zilirekebishwa.

Kisa cha AirDrop kinastahili kusimuliwa polepole, kwa sababu kinafundisha hesabu. AirDrop ina chaguo la kuonekana na watu unaowasiliana nao pekee. Ili simu zijue kama wenyewe wanafahamiana, hubadilishana namba za simu zilizogeuzwa kuwa msururu wa herufi na tarakimu usiosomeka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, Ujerumani, waliiarifu Apple mwaka 2019, na wakatangaza mwaka 2021, kwamba mgeuzo huo hauifichi namba. Kwa nini? Namba ya simu ya mkononi nchini Kenya ina tarakimu 10 na huanza na 07 au 01. Hubaki tarakimu 8, yaani namba milioni 100 kwa kila mwanzo, jumla milioni 200. Kompyuta inayogeuza namba milioni 1 kwa sekunde huzijaribu zote kwa sekunde 200, ambazo ni dakika 3 na sekunde 20. Ule msururu utakaolingana na ulionaswa ndio wa namba iliyotafutwa. Januari 2024 maafisa wa mji wa Beijing, China, walisema taasisi moja imetumia njia ya kulinganisha namna hiyo kuwatambua watu waliotuma jumbe kwa AirDrop.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2022, Apple ilikuwa imebadilisha chaguo la «Kila mtu» liwe la dakika 10 tu, kisha lijifunge lenyewe. Mabadiliko hayo yalianzia China, ambako AirDrop ilikuwa imetumiwa kusambaza vijikaratasi vya siasa, kisha yakaenea duniani. Kwa vyovyote vile, dakika 10 zinatosha kutuma picha za harusi.

Mlango mpana kuliko yote: saiba

Mkazi wa Theta ana uwezekano mdogo wa kukutana na mtaalamu wa Darmstadt. Ana uwezekano mkubwa wa kukutana na kompyuta ya saiba iliyojaa vitambulisho vya wenziwe.

Chukua mfano wa mama anayeomba basari ya mwanawe. Anahitaji nakala ya kitambulisho chake, cheti cha kuzaliwa cha mtoto, barua ya shule na taarifa ya M-PESA ya miezi 6. Mhudumu anamwambia, «Mama, nitumie tu kwa Bluetooth.» Anajibu, «Nifanyie wewe kijana wangu, mimi macho yananisumbua,» na kumpa simu ikiwa wazi. Kijana, kwa nia njema, anafungua picha, anachagua anazoziona zinafaa, anatuma, anachapisha. Mama anashukuru na kuondoka. Faili zake nne hazikuondoka naye.

Zinakaa kwenye folda ya kupokelea, pamoja na za mteja wa asubuhi na wa juzi. Mteja anayefuata akikodi kompyuta hiyo kwa nusu saa, anaweza kuzifungua. Taarifa ya M-PESA hutumwa ikiwa imefungwa kwa msimbo, lakini ikishafunguliwa na kuhifadhiwa upya ili ichapishwe, kufuli hilo halipo tena. Ndani yake mna majina ya kila aliyemtumia mama huyo pesa na kila aliyetumiwa: mwajiri, mwenye nyumba, kikundi cha kanisa, duka la dawa. Mtu mmoja ameacha habari za watu hamsini. Nacho kitambulisho kikiambatana na namba ya simu na majina kamili, ndicho mlaghai hukitafuta anapotaka kujifanya mwenye laini.

Hatari ya pili hapo ni njia za kuunganisha simu nzima. Xender ina chaguo la kuunganisha na kompyuta, ambapo kivinjari cha kompyuta huonyesha picha, video na faili zilizo simuni. Kebo ya USB ikiwekwa kwenye hali ya kuhamisha faili hufanya vivyo hivyo. Aliyekusudia kutoa karatasi moja huwa amefungua kabati lote. Kutuma faili moja moja kwa Bluetooth ni polepole, lakini kwa kazi ya saiba ni afadhali mara kumi.

Mteja ana haki ya kusimama kando ya kompyuta mpaka faili zake zifutwe, na pipa la taka la kompyuta nalo limwagwe, kwa maana faili iliyofutwa mara moja hukaa humo ikisubiri kurudishwa. Kuomba hivyo si kumtukana mhudumu. Nakala ya kitambulisho iandikwe juu yake kwa kalamu au kwenye picha yenyewe: «Kwa maombi ya basari tu», na tarehe. Nakala yenye maandishi hayo ni vigumu kutumiwa kwa jambo jingine. Na kama simu inabidi ishikwe na mtu mwingine, afadhali faili zinazohitajika ziwe zimetengwa mapema kwenye folda yake, akiwa nyumbani, kwa msaada wa mwana au jirani anayeaminika.

Picha inayosema ilipopigwa

Kamera ya simu ikiruhusiwa kujua mahali, huandika ndani ya faili ya picha vipimo vya latitudo na longitudo, pamoja na tarehe na saa. Maandishi haya hayaonekani machoni, lakini programu nyingi huyasoma na kuonyesha ramani, mara nyingi kwa usahihi wa mita chache. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huondoa maandishi hayo. Bluetooth na Xender hutuma faili jinsi ilivyo, nayo huenda nayo.

Tofauti hii haijulikani na wengi, nayo ina uzito. Anayeuza kochi na kumtumia mteja picha aliyoipigia sebuleni amempa anwani ya nyumba. Mwanamke aliyehama kutoka kwa mume mjeuri na kuwatumia ndugu picha za watoto kwa Xender amezifanya picha hizo kuwa kielekezi cha mlango wake, iwapo ndugu mmoja atazipitisha. Suluhisho ni kuzima ruhusa ya mahali kwenye programu ya kamera. Kwa picha za zamani, kuipiga skrini picha hiyo na kutuma nakala ya skrini huacha vipimo nyuma.

Magari yasisahauliwe. Simu ikiunganishwa na redio ya gari la kukodi ili kucheza muziki, gari huweza kuomba orodha ya majina na simu zilizopigwa. Akikubali, majina hayo yanaweza kubaki garini baada ya funguo kurudishwa. Muziki utacheza hata akikataa.

Sheria inasemaje

Kifungu 31 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, ikiwemo habari za familia yake kutofichuliwa bila sababu na mawasiliano yake kutoingiliwa. Sheria ya Ulinzi wa Data, nambari 24 ya 2019, iliyoanza kutumika Novemba 25, 2019, inaweka wajibu kwa anayeshughulikia habari za watu. Haihusu matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani tu. Dada akimtumia kaka picha za sherehe hajavunja lolote. Lakini saiba ni biashara. Duka lenye mapato ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10 huenda likasamehewa kujisajili, ila kusamehewa usajili si kusamehewa sheria. Wenye maduka kati ya Ruiru na Thika wangefanya vyema kufuta folda ya kupokelea kila jioni kabla ya kufunga.

Kwa watoto sheria ni kali zaidi, kwani idhini ya mzazi au mlezi inahitajika. Septemba 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza Roma School ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Walimu wanaopokea picha za siku ya michezo kwa simu zao binafsi wana la kujifunza hapo.

Picha za siri zina kifungu chao. Kifungu 37 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandao ya 2018 kinamwadhibu anayesambaza picha ya utupu au ya faragha ya mtu mwingine kwa faini isiyozidi shilingi 200,000, kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kifungu hicho kinataja mitandao ya mawasiliano na pia njia nyingine yoyote ya kuhamisha data. Kijana anayesema «sikuweka mtandaoni, nilirusha tu kwa Bluetooth» hana kinga. Naye anayeingia kwenye simu ya mwingine bila ruhusa anakabiliwa na kifungu 14, chenye faini ya hadi shilingi milioni 5 au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili.

Faili ngeni ikifika

Ombi la kupokea faili likitokea kwenye skrini bila kutarajiwa, likataliwe, na Bluetooth izimwe palepale. Anayerudia kuuliza anategemea uchovu, kama Cabir. Uangalifu zaidi unahitajika faili yenyewe ikiwa ni programu, maana Xender na wenzake hutuma programu pia. Programu iliyotoka kwa rafiki haikupitia ukaguzi wa duka rasmi, na rafiki mwenyewe hajui ilikopitia. Programu za benki na za M-PESA zisipokewe kwa njia hii kamwe, hata kutoka kwa mtu wa nyumbani.

Kwenye Quick Share, chaguo la anayeweza kuiona simu liwekwe kwa vifaa vya mwenyewe au watu waliohifadhiwa simuni. «Kila mtu» litumike kwa muda wa kupokea tu. Orodha ya vifaa vilivyowahi kuunganishwa kwa Bluetooth nayo ipitiwe, na spika ya jirani aliyehama na redio ya gari lililouzwa ziondolewe.

Aliyekwisha kudhuriwa anaweza kulalamika kwa Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, iliyoko Nairobi, au kupitia tovuti yake odpc.go.ke. Sheria inaruhusu lalamiko la maandishi au la mdomo, ambalo afisi italiandika, na inataka uchunguzi ukamilike ndani ya siku 90. Kwa kosa la jinai, kama picha za siri kusambazwa, ripoti hupelekwa kituo cha polisi kilicho karibu na namba ya OB huombwa. Mlalamishi aende na picha ya skrini inayoonyesha jina la kifaa kilichotuma, tarehe na saa, na jina la duka kama tukio lilikuwa dukani. Faili yenyewe asiifute, wala asiwarushie marafiki ili «wajionee». Hilo humfanya naye kuwa msambazaji.